Siagi ya Kakao na Shuka Nyeusi

Harmatani, upepo mkavu wa jangwani, ilipovuma Kumasi na kukausha midomo ya watu mpaka wakaogopa kucheka, Kwadwo Amponin alimshukuru Mungu. Wenzake waliona vumbi. Yeye aliona ngozi zilizopauka, na kila ngozi ina mwenyewe.

Aliyeyusha mishumaa kwa mafuta ya kukaangia, akatia unga wa kakao ili inukie, akaigandisha kwenye ndoo. Siagi halisi ya kakao alikuwa nayo donge moja tu, la kuwaonjesha wateja na la kujipaka mwenyewe.

Safari hii hakutaka pesa. Jumamosi kulikuwa na msiba kwa kina Afriyie, mchumba wake, na shangazi wa Afriyie, ambaye Kwadwo hajawahi kumwona, ndiye angeamua kama anafaa kuoa. Kwa watu wale huendi msibani na suruali. Unajitanda shuka nyeusi nzito, bega moja wazi, ling'ae. Bega alikuwa nalo. Shuka hakuwa nayo.

Sokoni akamkuta mama muuza vitambaa, viwiko vyeupe kama majivu.

"Mama, viwiko vinalia hivyo!"

"Viache vilie. Wewe ndiye daktari wao?"

"Lete kiganja." Akamwekea kipande cha ile halisi. Kikayeyuka palepale. "Umeona? Usoni, kichwani, popote. Nywele zitalala kama mtoto aliyeshiba. Chukua ndoo nzima, nipe ile shuka nyeusi."

"Ile? Umelala njaa, kijana? Ile ni ya machifu!"

"Haichuji?"

"Tia mate ujaribu."

Kwadwo akalowesha pembe kwa mate, akasugua mpaka kidole kikamuuma. Haikuchuja. Wakaagana kwa baraka nyingi, kila mmoja akimeza kicheko chake.

Jumamosi Kwadwo alijipaka siagi yake halisi toka kisogoni hadi vidoleni, kisha akajitanda. Tuitendee haki ile shuka: mbele ya maji ilikuwa imara. Mbele ya mafuta haikuwa na msimamo. Kila baada ya hatua chache aliipandisha begani kwa mkono wa kulia, na kwa mkono huohuo akawapa pole wafiwa, safu baada ya safu, kama desturi inavyotaka. Nyuma yake watu walianza kutazama viganja vyao.

"Nani kaleta makaa msibani?" mzee mmoja akauliza.

Afriyie akamnong'oneza, "Shangazi ni yule wa mwisho. Jitahidi."

Shangazi alikuwa na uso mweupe, mgumu kama sahani, nywele zimesimama. Alipolia, shavu lilipata ufa. Alikuwa yule mama wa vitambaa.

"Mishumaa," akasema, midomo haisogei.

"Rangi ya viatu," akajibu Kwadwo, shingo nyeusi tii.

"Ukisema, nasema."

"Mimi nimekuja kutoa pole tu, Shangazi."

"Ile ya kweli unayo?"

Kwadwo akafungua pembe ya shuka, akampa kilichobaki cha lile donge halisi. Shangazi akajificha nyuma ya leso, akasugua kwa majonzi makubwa. Alipoibuka, uso ulikuwa laini unang'aa.

"Huyu kijana ana adabu!" akawatangazia ndugu. "Jumanne aje kugonga mlango kuposa, na chupa zake za pombe."

Kisha akainama sikioni kwa Kwadwo. "Kila chupa tutaionja hapohapo. Wewe ndiye utakayeanza."

"Ndiyo, Shangazi," akasema Kwadwo kwa huzuni, na waombolezaji wote wakasifu jinsi alivyoguswa na msiba ule.