Mita Tisa za Mama Killurazu

Kijiji cha Chakapamba,
Chini ya Mama Killurazu,
Jimbo la Chimborazo.
Alhamisi, 6 Juni

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Rodrigo Argüello Pallares,
Mwenyekiti, Kamati ya Vilele Kumi Teule vya Ekuador,
Quito.

KUH: KUACHWA KWA MLIMA WETU, NA MITA TISA AMBAZO SASA ZIPO

Mheshimiwa Mhandisi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako na Kamati yote. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa viazi vya shamba la juu vilivyopigwa na mvua ya mawe Jumanne. Mvua hiyo tunajua imetoka wapi. Taita Chimborazo, yaani Baba Chimborazo, ule mlima mkubwa wa jimbo letu, ni shemeji yake Mama Killurazu wetu, na wakikosana yeye humalizia hasira kwenye viazi vyetu. Lakini hayo ni ya kifamilia, hayaihusu Kamati.

Mimi ni Belisario Pilamunga, katibu wa kijiji kwa mwaka wa kumi na moja sasa, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Mwezi wa pili mwaka juzi tulipokea barua yenu ikitujulisha kwamba katika Vilele Kumi Teule, vya barafu na vya volkano, ambavyo wageni watashauriwa kuvipanda, Mama Killurazu hayumo. Sababu zenu ni tatu na zimechukua mistari minne. Majibu yetu ni marefu kidogo, utatuwia radhi. Aliyeonewa huwa na maneno mengi.

Moja. Mmesema mlima wetu una mita 4,991, na orodha yenu inaanzia 5,000. Mpima ardhi wenu, Bwana Fabricio, tulimpokea vizuri. Alianza kupanda kwa kasi huku akitueleza kwamba amefanya mazoezi kwenye ngazi za ofisi. Alipofika malishoni kichwa kikamgonga, macho yakamchezea, akakaa juu ya jiwe. Akatuambia anaona vilele viwili. Kisha akaelekeza chombo chake juu, kikalia, akaandika. Mke wangu Tránsito alimpa maji ya moto ya sukari guru na mdalasini, akamwambia, "Kunywa, baba, mlima haukimbii." Alikunywa vikombe vitatu. Hatulalamikii vikombe. Tunauliza tu, kama aliona vilele viwili, kwa nini hakutuandikia mita 9,982.

Tena mnapima kutoka baharini. Bahari sisi hatujapata kuiona, wala haijatufanyia lolote la kutufanya tuiamini. Mnapotaka Taita Chimborazo aizidi milima yote ya ulimwengu, mnaiacha bahari na kupima kutoka kitovu cha dunia. Akija shemeji yake, mbio mnarudi ufukweni. Na hayo mnayafanya mchana kweupe.

Mbili. Mmesema Mama Killurazu ni volkano "isiyo na dalili za uhai". Mheshimiwa, mama aliyelea watoto miaka elfu kumi na moja bila kumrushia moto hata mmoja, huku kwetu huitwa mstaarabu. Hata hivyo tulitii. Jumamosi moja tulipandisha mizigo arobaini ya majani mabichi, tukaichoma ndani ya kasoko. Moshi ulitoka mzuri sana. Kwa bahati mbaya watu wa uokoaji nao waliuona, wakakihamisha kijiji kizima cha Santa Lucía, jirani zetu, pamoja na bibi harusi aliyekuwa amevaa nusu. Bwana harusi hatusalimu hadi leo. Kama hizo si dalili za uhai, tufundisheni nyingine.

Tatu. Mmesema hatuna barafu ya kudumu. Hapa sitanii. Baba yangu aliikata barafu ya Mama Killurazu kwa shoka, akaifunga kwa nyasi na kuishusha kwa punda hadi soko la Riobamba, watu wakapoozea maji ya matunda. Mimi nimeishika kwa mikono yangu. Binti yangu aliiona ana miaka sita, kipande kidogo kama blanketi, upande wa kivuli. Baada ya hapo haikuonekana tena, na inaniuma. Chakapamba ina pikipiki mbili na gari moja lisilowaka. Ninyi huko Quito mna foleni ya magari tangu alfajiri, kisha mnatuandikia kutuuliza barafu tumeipeleka wapi.

Nne. (Hili nilitaka liwe la kwanza, lakini mke wangu alisema nianze kwa adabu.) Binti yetu Zoila ana cheti cha kuongoza wapanda milima. Kimetundikwa ukutani, juu ya redio. Kwa kuwa mlima wetu si Teule, anafanya kazi kwenye mlima wa Yurak Urku, ambao mmeupa namba nne. Kamati ilimpa koti jekundu lenye namba 14 mgongoni, na huko kila mtu humwita Kumi na Nne. Mwaka na nusu hajalala nyumbani. Akipiga simu husema, "Taita, mlima wetu ungekuwa kwenye orodha, ningeamkia kwa mama, nikanywa uji wa shayiri, nikaenda kazini kwa miguu." Mazungumzo yakifika hapo mke wangu hutoka nje kwenda kuwaangalia simbilisi, hata kama ametoka kuwalisha sasa hivi. Mheshimiwa, kusema kweli jambo lenyewe ni hilo. Hayo mengine ni karatasi.

Tano. Tunawaonea wivu wenzetu wa Yurak Urku, nakiri. Tangu mlima wao uchaguliwe wana lango la chuma na mlinzi. Mchungaji akitaka kupeleka kondoo malishoni kwa babu yake huonyesha kitambulisho, na suala la kondoo bado linajadiliwa. Wana vyoo sita vya wageni vilivyojengwa juu kidogo ya chemchemi, kwa hiyo wameachana na ile tabia ya kizamani ya kunywa maji yake. Wana kibao kinachowakataza kumwagia mlima tone la kinywaji cha salamu, ati ni kulinda mazingira. Chupa za plastiki za wageni kibao hakijazitaja. Sisi bado tunapita popote tunapotaka, kama watu wasiojua maendeleo. Tutabaki nyuma hadi lini?

Basi hatukukaa kulia. Mnataka mita tisa, sisi tuna mikono. Kwa Jumamosi saba tumefanya minga, ile kazi ya kijiji kizima ambayo asiyefika husemwa hata siku ya mazishi yake. Kila nyumba ilipandisha mawe ya mtoni hadi kileleni, mengine mgongoni, mengine kwa lama. Mzee Delfín Caizaguano, mwenye miaka sabini na mmoja, alibeba jiwe la kusagia la marehemu mkewe. "Huyu mwanamke alitaka kufika mbali," alituambia akihema, "nami nikamwacha jikoni." Tuliliweka juu kabisa.

Sitaki kuificha Kamati kwamba wapo waliopinga. Mke wangu aliweka jiwe lake, akajishika kiuno. "Belisario, mama wa watu amefika umri huu, leo unamvisha viatu vya kisigino apendeze kwa nani?"

"Kwa Kamati," nikasema.

"Na yeye mwenyewe nani amemuuliza?"

Nilimjibu kwamba fomu haina sehemu hiyo.

Jumamosi iliyopita rundo lilitimia mita tisa, na sentimita kumi na tano za akiba. Kwa heshima zote tunaomba: (a) mtume mpimaji mwingine, mwenye kichwa kigumu, (b) Mama Killurazu apewe namba, yoyote ile, hatuchagui, (c) Kumi na Nne aletwe kuongoza wageni nyumbani kwao. Ikiwa nafasi kumi zimejaa, basi Taita Chimborazo apunguzwe. Ana mita zaidi ya elfu moja juu ya kiwango chenu, na hatujaona anazitumia kwa lolote. Kuzibeba tutakuja wenyewe.

Nisalimie Kamati, nisalimie Bwana Fabricio na kichwa chake, nisalimie na mama aliyepiga chapa ile barua ya mistari minne, maana hana kosa. Mzee Delfín anawasalimu. Mke wangu amesema nisimtaje, nami simtaji.

Mimi wako mtiifu, kwa niaba ya nyumba sitini na mbili za Chakapamba,

Belisario Pilamunga
Katibu
(Mhuri)

Nyongeza. Barua hii ilikuwa isafiri Ijumaa, lakini basi halikuja. Leo ni Jumapili.

Jana tulikuwa kileleni tukisawazisha mawe, nikaona koti jekundu linapanda. Alikuwa Zoila. Alimwaga kwanza tone la kinywaji chini kumsalimu Mama Killurazu, kisha akatukumbatia. Halafu akalizunguka rundo letu, mkono kiunoni, kama mama yake kabisa.

"Taita, hii nini?"

"Mita tisa, mwanangu. Ili urudi."

Alicheka, kisha akalia, sikujua nishike lipi. Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Taita, nimepandisha watu mwaka na nusu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mlima unaitwa nani. Wanauliza ni wa ngapi. Mimi mwenyewe hawaniiti kwa jina. Sasa na huyu mnataka aitwe Kumi na Moja?"

Alipanda juu ya rundo taratibu, akalitoa lile jiwe la kusagia, akashuka nalo na kumkabidhi Mzee Delfín mikononi. Mzee akalipangusa vumbi. "Haya, mama, umeona," akaliambia. "Twende nyumbani."

Mke wangu ndiye aliyeondoa jiwe la pili. Wanawake wengine wakamfuata, na wanaume, walipoona wanabaki peke yao, wakakumbuka kwamba nao hawakuwahi kuupenda mpango huu. Kabla ya chakula mita zote tisa zilikuwa zimeshuka. Lakini minga haivunjwi kabla ya wakati wake, na mikono ilikwisha kupata moto, kwa hiyo tuliendelea kidogo. Tangu jana Mama Killurazu ana mita 4,989. Mpimaji asijisumbue.

Barua nimeona niitume hivyo hivyo, maana nimeiandika siku tatu na mhuri umeshapigwa. Malalamiko yachukueni, maombi yaacheni. Ombi (c) tumelitekeleza wenyewe. Atafanya kazi gani hapa sijui, naye hajui. Asubuhi hii amekunywa uji wa shayiri bakuli mbili, na sasa yuko jikoni anamenya viazi na mama yake. Wanacheka, na nadhani wananicheka mimi.

Koti namba 14 limo ndani ya kifurushi hiki. Limefuliwa.