Maji Safi ya Mwenyekiti Revocatus

Wananchi wote wa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba ziwa limepimwa, na limefaulu. Ni safi lote, isipokuwa kipande kimoja tu: pale Mama Kokulinda anapooshea sufuria zake za kukaangia samaki. Hivyo basi, kwa manufaa ya umma, kibanda chake kitavunjwa Ijumaa.

Revocatus, Mwenyekiti wa Kamati ya Usafi wa Ziwa, alikuwa ameumiza kichwa sana kufika hapo. Alifunga madirisha ya ofisi yake ya ufukweni ili harufu isije ikaingilia uamuzi. Kuhusu bomba linalotoka kwenye choo cha ofisi hiyo hiyo na kumwaga ziwani, kamati ilijadili kutwa nzima, ikaafikiana kwamba yale maji ya kijani ni rutuba.

"Rutuba gani hiyo mpaka bata wanaikimbia?" Mama Kokulinda alimuuliza Mwenyekiti. "Baba, kibanda hiki ndicho kinachonilishia wajukuu."

"Mama, usibishane na sayansi."

Ijumaa akaja mgeni mkubwa kutoka Dodoma, Mzee Bagenda, kushuhudia kibanda kikivunjwa. Revocatus akaona amkirimu kitaalamu: glasi ya maji yaliyochotwa pale pale mbele ya bomba. Karani wake, Selina, akaileta kwenye sinia, uso kaugeuzia pembeni.

Bagenda akaipokea kwa mikono miwili, kisha akamkabidhi Mwenyekiti.

"Kwetu Uhayani mwenye nyumba huonja kwanza. Ndipo mgeni anakunywa kwa amani."

Watu waliojaa ufukweni wakasogea kuona. Jasho likamtoka Revocatus mpaka kwenye tai.

"Selina," akanong'ona, "mwaga haya. Kanichotee mengine."

"Wapi, bosi?"

"Kule... kwa yule mama."

Selina, masikini, huimba kwaya, kunong'ona hajui. "Kwa Mama Kokulinda? Kwenye uchafu?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Bagenda peke yake hakucheka. Akaagiza kibanda kiachwe, na bomba lizibwe kabla jua halijazama.

Likazibwa kweli. Choo cha ofisi nacho kikafungwa, kwa mujibu wa tangazo, "kupisha utafiti wa kina."

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alionekana akipanda kwenye mawe, juu kabisa, mbali na maji, kilipo choo cha shimo cha Mama Kokulinda. Alitembea kwa hatua fupi fupi, magoti yamebanana.

"Shikamoo, mama. Naomba kujisaidia."

"Marahaba, baba. Panga foleni nyuma ya kamati yako."