Sisi Tuliokaa Katikati Tusisumbuliwe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kata,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Sửu, mfugaji ambaye kambamiti wake mmoja aliwahi kuvuta mtumbwi mpaka Cà Mau mjini. Mashahidi wapo, ila wamekufa.

Yule mtaalamu uliyemleta mkutanoni alisema nchi yetu imenasa kwenye mtego wa kipato cha kati: sisi tunafunga skrubu za mashine za wenzetu, na faida inawafuata waliozibuni. Eti dawa ni kubuni za kwetu. Tangu siku hiyo nyumba yangu haina amani, na malalamiko yangu ni haya:

1. Katikati pana ubaya gani? Tukipakiana watatu kwenye pikipiki, wa mbele ananyeshewa, wa nyuma anadondoka. Wa kati anasinzia! Nchi imepata kiti cha kati, nyinyi mnaiamsha ya nini?

2. Skrubu isidharauliwe. Nilipokuwa kiwandani nilizifunga kwa kasi hadi nyingine zikawa zinaingia zenyewe kwa woga.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mpwa wangu Diệp, binti niliyemlea tangu dada yangu afariki, alikuwepo mkutanoni. Nimembembelezea kazi ya usimamizi kiwandani, aanze Jumatatu. Hataki! Amegeuza jiko letu karakana, anachomelea mashine ya kutia hewa kwenye mabwawa ya kamba, aliyoibuni mwenyewe. Nikamwambia, "We mtoto, hizo zinatoka ng'ambo!" Akanijibu kwa lile jina langu la mpangilio wa kuzaliwa, "Mjomba Saba, na huko ng'ambo zinatoka ng'ambo gani?" Mheshimiwa, mdomo huo kautoa wapi? Kwangu hajautoa.

4. Mke wangu anapikia uani, na mvua inaongeza mchuzi. Kesho kila binti atabuni kitu. Skrubu atafunga nani? Itabidi tuwaite watu wa ng'ambo waje watufungie, na mimi supu ya samaki ya kuwalisha wote hao sina.

Kwa hiyo naomba uamuru, kwa muhuri, Diệp aende kiwandani Jumatatu, na nchi iachwe ikae ilipokaa.

Wasalimie wanakamati, mama watoto, na yule mtaalamu. Mwambie ale ashibe. Ni mwembamba mno kutufundisha utajiri.

Ni mimi raia wako msikivu,
Lâm Văn Sửu,
Mjomba Saba kwa kata nzima, hata kwa walionizidi umri

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mashine yangu ya hewa ya ng'ambo imekufa, kamba wakapanda juu ya maji wakitweta. Kipuri, mwezi ujao! Diệp akatumbukiza moja ya zake tatu. Mheshimiwa, bwawa lilichemka kama sufuria ya sikukuu, kamba wakarudi chini wakicheza! Nikaibandika nembo ya ile ya ng'ambo ili majirani waiheshimu. Diệp akaibandua bila hata kunitazama. Jirani Khoát akaja mbio: "Saba, hii ya nchi gani?" Nikamjibu, "Ya jikoni kwa shemeji yako, mshamba wee! Zimebaki mbili." Moja kaondoka nayo. Muhuri usihangaike nao tena. Niambie tu, hii ya mwisho nikuwekee?