Nyayo Ndani ya Kompyuta

Deus alitoka Geita kwenda Nyamongo kutafuta dhahabu, akakuta dhahabu iko chini na juu yake kuna mawe. Habari hiyo ilimsikitisha sana. Siku tatu za sururu zilimtosha. Siku ya nne aliamua kuchimba watu, kwa sababu watu wako juu juu.

Kazi mpya ilihitaji flashi, simu na tai. Ndani ya flashi kulikuwa na barua. Ukiifungua, kioo chote cha kompyuta kinakuwa chekundu, king'ora kinalia, na maandishi makubwa yanatokea: KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA. USIZIME. PIGA NAMBA HII. Namba ilikuwa ya Deus. Ukipiga, unaitikiwa na sauti ya puani, "Makao Makuu ya Usalama wa Kompyuta, Kanda ya Ziwa," nawe unamshukuru Mungu kwamba kuna watu hawalali kwa ajili yako.

Nyamongo walishaushtukia mchezo wake. Ndipo akasikia kwamba kule Itiryo mzee Magige ameuza ng'ombe watano akamfungulia mkewe Agatha duka la kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta moja, zizi limejaa, na fundi wa karibu yuko Tarime mjini. Deus alitaka kulia kwa furaha. Asubuhi alimpa flashi dereva wa bodaboda aitwaye Werema, akachape barua nakala mbili kwa Agatha. Saa nne simu ikaita. Saa sita Deus alikuwa mlangoni, tai shingoni, miwani isiyo na kazi machoni, kitambulisho alichojitengenezea kifuani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mmefanya vizuri kupiga. Wengine huchelewa, tunakuta majivu."

"Majivu ya nini?" aliuliza Agatha.

"Mama, tusitishane."

Alikaa, akabonyeza hapa na pale, akaguna kama daktari anayetaka kulipwa kwanza. "Virusi elfu mbili na mia tatu."

Magige hakushtuka. "Kama ni virusi, daktari wa mifugo anapita Ijumaa. Tutasubiri."

Deus aliziona laki nne alizopanga kudai zinaondoka zenyewe kwa miguu. Akaiomba msaada akili yake, ambayo aliipenda kuliko ndugu zake wote. Hawa ni watu wa ng'ombe, ikamwambia. Ongea ng'ombe.

"Mzee, nilisema virusi kwa heshima tu. Ukweli ni mwizi. Ameingia humu kama anavyoingia zizini, anaswaga kila kitu: picha za wateja, vyeti vya watu, mpaka hela ya mama kwenye simu. Nipe laki nne, mama anitajie namba yake ya siri, nimfungie mlango sasa hivi."

Magige akasimama. "Mwizi?"

"Mwizi kabisa."

"Nyayo zake umeziona?"

"Mzee, hizi hapa! Bado mbichi!"

Geita wanafundisha mengi, ila hakuna aliyemfundisha Deus kwamba kwa Wakurya neno hilo si la mzaha. Aliyeona nyayo za mwizi haendi nyumbani kula. Anatangulia, wanaume wote wanamfuata, na nyayo zinapoishia, mwenye pale ndiye anayelipa.

Magige alitoka nje akapiga yowe. Chai ilikuwa haijachemka, wanaume thelathini wakawa wamefika na fimbo na mapanga, wawili bila mashati. Hakuna aliyeuliza kimeibiwa nini, maana asiyeitikia yowe anatozwa faini.

"Mwizi yuko kwenye kompyuta," Magige aliwaeleza. "Huyu ameona nyayo. Atatuongoza."

Nyuso thelathini zikamgeukia Deus kwa heshima. Hajawahi kuheshimiwa na mapanga mengi kiasi kile.

"Wazee wangu," alisema, na sauti ikashuka kutoka puani hadi tumboni, "mwizi mwenyewe yuko Ulaya. Mpaka ndege."

"Nyayo hazianzi Ulaya, mura, kijana wangu," alisema Mogesi, mzee aliyefuata ng'ombe walioibwa tangu ujana wake. "Zinaanza zizini. Mlango wa zizi hili ni upi?"

Agatha akamwonyesha tundu la flashi.

"Leo kimepita nini hapo?"

"Flashi moja tu. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa nzima."

"Nani kaileta?"

"Werema."

Werema alikuwepo, ameitikia yowe kama wenzake. "Mimi nilitumwa! Kuna jamaa pale Nyamongo..." Akamzunguka Deus polepole. "Kaka, miwani umenunua saa ngapi?"

"Binadamu tunafanana," alisema Deus.

Agatha akashika waya wa kompyuta.

"Mama, usizime! Utapoteza kila kitu!"

"Mbona unaogopa kuliko mwenye mali?" Akachomoa. Akasubiri, akawasha tena. Wekundu hakuna, king'ora hakuna, kazi za wateja zimekaa pale pale. "Kumbe ilikuwa picha tu, imefundishwa kupiga kelele. Ikirudi, nachomoa waya, namwita fundi wangu wa Tarime ninayemjua sura. Namba iliyoandikwa kwenye kioo sipigi tena. Na namba yangu ya siri hata mume wangu haijui."

Magige akakohoa.

Mogesi aligusa kiatu cha Deus kwa fimbo. "Nyayo zimeishia hapa."

Mmoja alipendekeza fimbo. Deus, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba aitiwe polisi. Wakaitwa, wakasema wako njiani. Lakini wanaume thelathini walikuwa wameacha majembe shambani, na wafuata nyayo hawarudi na njaa. Wakampekua Deus; pesa zote alizovuna Nyamongo zilikuwa kwenye soksi. Jirani aitwaye Sospeter alikuwa na dume la kuuza. Soksi ikatosha dume, chenji haikubaki.

Nyama ilipoiva, Agatha alimletea sahani kwa mikono miwili. "Karibu fundi, usione aibu. Ni ng'ombe wako."

Mogesi akamwongezea ini. Ini, alimweleza kwa upole, ni la yule aliyeziona nyayo kwanza.

Polisi walimkuta bado anatafuna.