Mkwe wa Wimbi la Kisiki

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimefika Matema, kando ya Ziwa Nyasa, saa kumi jioni. Mimi mzima, ubao wangu wa kupandia mawimbi mzima, heshima ya ubao imepungua. Tangu Igowole hadi Kyela kila kondakta ameuita mlango. Wa Mafinga aliniuliza nyumba yenyewe iko wapi. Nimeuranda mwenyewe wiki tatu, paini safi, mbele umechongoka. Mlango gani huchongoka?

Lengo niliandike hapa lisipotee. Nina likizo ya wiki moja. Ndani ya wiki hii nisimame juu ya wimbi la Kisiki hadi mchangani, na video iwepo. Nilimwahidi Aroni, msimamizi wetu kiwandani, mbele ya watu wote wakati wa chai. Alisema mtu wa Igowole akisimama juu ya maji, yeye ataniomba radhi kwa magoti. Nisiposimama, atanipa jina. Na kwetu jina halitoki. Saulo alianguka kwenye beseni la maziwa mara moja tu, mwaka 2009. Hadi leo ni Mtindi, na mkewe ni Mama Mtindi.

Kisiki nimekiona. Ni gogo lililozama karibu na mdomo wa mto. Upepo ukivuma, wimbi linainuka pale pale na kwenda limenyooka hadi ufukoni. Zuri mno, nilisahau njaa. Tatizo ni watu. Nimehesabu ishirini na sita, wamepanga foleni ndani ya maji kama wanasubiri daktari. Wengi wana vipande vya mitumbwi mibovu. Mmoja ana mlango kweli, bawaba bado zipo.

Mkubwa wa foleni ni Andendekisye, wanamwita Ande. Mabega mapana, sauti ya upole ya mtu asiyebishiwa. Amenieleza utaratibu. Mwenyeji kwanza. Ndugu wa mwenyeji wa pili. Mgeni anayejulikana wa tatu. Mgeni asiyejulikana anasubiri. Nikauliza anasubiri hadi lini. Akasema hadi ajulikane.

Nimesubiri hadi upepo ukalala.

Jumanne, 8 Julai

Mbinu ya kwanza: kuwahi. Nimefika ufukoni alfajiri, hata kuku hawajashuka. Nimekuta watu kumi na mmoja majini. Ande akasema leo nimechelewa kidogo.

Aliyeniudhi zaidi ni Didas. Ni mwalimu, ametoka Tosamaganga. Tumekuja basi moja na tumepanga nyumba moja ya wageni. Mgeni kama mimi! Saa nne amepanda wimbi. Si vizuri, kwa magoti, lakini amepanda. Nikachunguza alimhonga nani. Kumbe jana alimkuta mama mmoja anaanua mpunga, akambebea magunia hadi ndani. Mama Esnath, wanasema, mtu mwenye heshima zake hapa. Kisha Didas akapita foleni nzima akisalimia mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Sasa anajulikana.

Ujanja wa kitoto. Mimi nimekuja likizo, sibebi magunia.

Jumatano, 9 Julai

Mbinu ya pili: lugha. Mgeni anayezungumza Kinyakyusa si mgeni tena. Nimefundishwa asubuhi na mama anayeuza ndizi za kuchoma. Maneno mawili, nikarudia njia nzima hadi majini.

Kila aliyenipita kwenye foleni nilimpa salamu kwa sauti: ndaga fijo. Walifurahi sana. Walicheka, wakanipita, wakarudi, wakanipita tena. Hadi saa saba nimepitwa na watu wasiopungua arobaini, na wengine nadhani ni wale wale. Didas akaja kuninong'oneza kwamba salamu ni ugonile. Ndaga fijo ni asante sana.

Asubuhi nzima nilikuwa nashukuru watu kwa kuninyang'anya zamu.

Aroni ametuma ujumbe. Anauliza kama nimeshasimama au bado nimelala.

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi. Niandike kwa utulivu.

Usiku niliupitia utaratibu wa Ande kama mwanasheria. Ndugu wa mwenyeji ni wa pili. Asubuhi nikamuuliza mbele ya foleni yote: mtu aliyechumbia hapa, si ndugu? Akafikiri. Akasema ni ndugu kabisa. Nikasema basi nisogezwe mbele, kwa kuwa nina mchumba hapa hapa.

Akauliza nani. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikaangalia ufukoni. Eveline, mpishi wa nyumba yetu ya wageni, alikuwa anapita na beseni la samaki wa mbasa kichwani. Nikasema, Eveline.

Foleni nzima ikanigeukia. Nadhani ni wivu. Ande akaniuliza Eveline yupi. Nikamwonyesha. Akasema anamjua vizuri, wamenyonya ziwa moja. Nikaelewa kwamba wote wamekua wakinywa maji ya Nyasa. Nikamwambia hongereni, ni ziwa kubwa.

Akanitazama juu hadi chini. Kisha akanikumbatia, akaniita shemeji, akanipeleka mbele ya watu wote ishirini na sita. Nimepata mawimbi mawili! La kwanza nilianguka. La pili pia nilianguka, lakini kwa mbele, ambayo ni hatua. Didas alikuwa wa kumi na nne. Nilimpungia mkono.

Kesho nasimama.

Ijumaa, 11 Julai

Eveline ameniletea chai mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu kama tarehe ya harusi nimeshampangia, au hilo nimemwachia. Nikataka kueleza. Akasema nisijisumbue, kaka yake ameshaeleza nyumbani. Nikauliza kaka yake ni nani.

Ni Ande. Na mama yao ni Mama Esnath. Ziwa lile halikuwa Nyasa.

Nikamwomba Eveline asinikane, angalau hadi Jumatatu, nikamsimulia habari za Aroni na Mtindi. Alicheka hadi akaweka birika chini. Akasema hatanikana, kwa nini anikane, yeye anataka kuona nitafika wapi. Ila akanikumbusha kwamba kwao mkwe ana taratibu zake. Nikamwambia taratibu ni kitu ninachokiweza.

Nikaenda majini. Mbele ya foleni. Wimbi linakuja, mimi nimejipanga, mara nasikia mtu ufukoni anapiga yowe dogo. Mama Esnath amefika na ungo wake. Ameniona kifua wazi na bukta, amejifunika uso kwa kitenge. Ande akanishika bega, kwa upole wake ule ule, akaniambia nitoke. Mkwe haonyeshi mapaja mbele ya mama mkwe. Tena haogi maji ambayo mama mkwe amesimama kando yake. Hata jina lake nisilitaje.

Nikauliza mama atakaa hapo hadi lini. Akasema mama amefurahi mno kupata mkwe, ameamua awe anapepeta mchele wake hapo kila siku, asubuhi hadi jioni, karibu na watoto.

Mchana nimepelekwa nyumbani kwao. Nimevalishwa koti la marehemu baba yao. Nimekalishwa kwenye kiti peke yangu, nimepewa wali wa Kyela na kichwa cha mbasa, na mama anazungumza nami kupitia Eveline, amegeukia ukuta. Chakula kitamu sana. Kupitia dirisha naona Kisiki. Didas amepanda mawimbi matano. La mwisho alisimama.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesoma tena utaratibu. Mapaja yasionekane. Haikusemwa mkwe asipande wimbi. Imesemwa mapaja.

Kwa hiyo nikasubiri mama aingie ndani kuchota chumvi, nikaingia majini na suruali ya kitambaa, shati, soksi, na koti la marehemu. Foleni ilinipisha kwa heshima kubwa, kama msiba unapita. Wimbi likaja. Nikapiga magoti vizuri. Kisha koti likanywa maji, na mimi na koti na ubao tukaenda kumwangalia Kisiki mwenyewe kule chini.

Ande ndiye aliyenitoa. Alisema koti la baba lilikuwa halijawahi kuoga ziwani. Nilimwomba radhi, na hapo niliona aibu ya kweli. Eveline amelianika nyuma ya jiko. Amesema baba yake angecheka.

Imebaki siku moja.

Jumapili, 13 Julai

Leo niandike polepole.

Ibada kwanza. Hapa Jumapili hakuna anayeingia majini kabla ya ibada kwisha. Nimekaa na ukoo, ndani ya koti lenye harufu ya dagaa. Kwaya ilikuwa ndefu. Tulipotoka, upepo ulikuwa umekaza, na Kisiki kilikuwa kinainua wimbi ambalo sijaliona wiki nzima. Majini hakuna mtu hata mmoja. Ufukoni wako wote: ukoo, kwaya, foleni nzima wamevaa mashati ya kanisani.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Eveline ukweli wa moyo wangu. Si kuhusu uchumba, kuhusu wimbi. Nikamwambia nina miaka thelathini na minne, nimekata mbao maisha yangu yote, na sijawahi kufanya jambo moja ambalo mtu amesimama kulitazama. Nikamwomba aniombee kwa mama dakika tano.

Eveline hakucheka. Akaenda. Mama akasikiliza, amegeukia mlima. Kisha akasema mtoto wa watu asife na kiu kando ya maji. Aende. Sisi tutafanya heshima yetu.

Sikuuliza heshima gani. Nilimpa Didas simu, nikamwambia asinipoteze hata sekunde moja. Nikavua koti. Nikapiga makasia kwa mikono hadi Kisikini. Likaja. Nikainuka kwa magoti, nikaweka mguu mmoja, nikaweka wa pili. Nikasimama. Nilisimama, jamani. Maji yalikuwa yananibeba na sikuwa naanguka. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nililia pia, nakiri. Nikaenda nimesimama hadi ubao ukakwaruza mchanga, nikashuka kwa mguu kama mtu anayeshuka ngazi.

Nikanyanyua uso nipokee makofi.

Nikaona migongo. Ukoo mzima umenipa mgongo. Kwaya imenipa mgongo. Ande na foleni yake, migongo ishirini na sita. Mama alikuwa amewaambia geukeni, mkwe yuko na bukta, na wote wakageuka. Na Didas amegeuka. Simu yangu mkononi, ameinyoosha kwa uangalifu mkubwa kuelekea Milima ya Livingstone.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama amesema wote.

Video ina dakika mbili na sekunde nane. Mlima haujasogea. Nyuma yake inasikika sauti ya mwanamume anayelia.

Jumatatu, 14 Julai

Nilimtumia Aroni video hata hivyo. Amejibu akiuliza nani anachinjwa nyuma ya huo mlima. Ameionyesha kiwanda kizima. Jina limeshapatikana: Sauti ya Nyikani. Mtindi mwenyewe amenipigia kunipa pole.

Kumbe kuna shahidi mmoja. Eveline hakugeuka. Amesema mchumba si mkwe, mchumba ana ruhusa ya kuangalia. Ameona yote, hadi nilivyoshuka. Alisema nilikuwa nimependeza. Nimeiandika hiyo mara mbili kwenye ukurasa wa nyuma. Yuko tayari kumpigia Aroni na kumsimulia, kwa sharti moja: niende kwa mama nikaseme ukweli. Kwamba niliutunga uchumba ili niruke foleni. Alisema mama hatakasirika sana, na kwamba mtu akishasema ukweli anaweza kuanza kujulikana upya, kama Didas. Tena aliangalia chini aliposema kujulikana upya.

Nimefikiri sana, karibu dakika kumi. Nikisema ukweli nitakuwa mgeni asiyejulikana, mtu wa ishirini na saba. Nisiposema, sina shahidi. Lazima kuwe na njia ya katikati. Na nimeipata.

Nimekwenda kwa mama, nimevaa koti, nimesimama nyuma ya mlango. Nimemwambia kupitia Ande kwamba samahani, kulitokea mkanganyiko. Mchumba wa Eveline si mimi. Ni pacha wangu, Edward. Tumefanana sana. Mimi Edmund ni ndugu tu, kwa hiyo nabaki wa pili kwenye foleni, na mapaja yangu hayahusiani na mtu.

Mama amefurahi sana. Amesema basi Jumamosi Edward aje, watamchinjia mbuzi. Ande akaongeza kwamba ndugu wa mkwe naye ni mkwe, kwa hiyo bado nisiingie majini. Hilo nitalitafutia dawa. Nimempigia Aroni kuomba wiki moja zaidi, nimesema naumwa mgongo. Tangu asubuhi sijanyoa. Edward atakuwa na ndevu.

Kitu kimoja tu kinanikera. Nilipomweleza Eveline, alipepeta mchele kidogo, kisha akasema kama huyo Edward ni mkweli kuliko ndugu yake, yeye hana pingamizi, atamkubali siku hiyo hiyo.

Usingizi umekataa. Huyu Edward simwamini hata kidogo.