Kula ni Lazima

Jumatatu, 4 Machi
Jumamosi iliyopita, saa kumi na nusu alasiri, nilipoteza mpinzani. Si kwa kifo. Kifo ningekielewa. Amehamia sataranji.

Niandike vizuri ili haki ijulikane. Mimi ni bingwa wa drafti wa mtaa huu, pamoja na mitaa miwili ya jirani ambayo haikuleta mtu. Kazi yangu ni kushona na kujaza makochi. Nilianza na sindano ya kuazima, leo nina karakana yenye milango miwili. Hakuna aliyenishika mkono. Mpinzani wangu ni Fundi Saa, kaka wa mke wangu, mwenye kibanda kinachotazamana na karakana yangu. Nilipokwenda kumposa dada yake, alitaka kwanza kunijua tabia, akaniwekea ubao. Nikamla kete zote kumi na mbili. Akanipa dada. Tangu hapo tumecheza kila jioni, miaka kumi na tisa, na nimeshinda kila mchezo ukiondoa ule wa mwaka wa mafua, ambao siuhesabu.

Jumamosi alikunja kitambaa chake cha kufutia miwani, akasema kwa upole kwamba drafti imemtosha. Mfamasia wa duka jipya la dawa amemfundisha sataranji. Nikamwuliza ananiachia nani. Akasema, shemeji, si watu wapo wengi.

Watu wengi! Kama vile kochi ni kochi.

Jumanne, 5 Machi
Nimewajaribu hao watu wengi.

Muuza nyama ameliwa kete zote chai ikiwa bado inatoa moshi, kisha akanishukuru. Mtu anayeshukuru kwa kuliwa hafai. Kinyozi anacheza huku anasimulia. Hadithi zake hazina mwisho na kete zake hazina mlinzi. Mke wangu alikubali mchezo mmoja. Katikati akainuka kuangalia sufuria, hakurudi. Nikamfuata jikoni kumkumbusha kwamba ni zamu yake. Akaniuliza kama nilimwoa yeye au kaka yake. Nikamjibu kwamba posa ilikuwa moja, faida mbili. Chakula cha leo nimekila baridi.

Jioni nimechungulia ng'ambo. Fundi Saa na Mfamasia wameuinamia ubao kimya, hakuna anayegusa kitu. Kwa muda ule sisi tungekuwa tumeshamaliza na tunagombana.

Jumatano, 6 Machi
Nimeamua. Nitajifunza sataranji, nitamshinda huko huko, naye atarudi kwenye drafti kwa kukosa pa kukimbilia.

Hesabu iko upande wangu. Ubao ni ule ule, miraba sitini na nne. Drafti hutumia myeusi tu, thelathini na miwili. Kwa hiyo nusu ya sataranji naijua tayari. Iliyobaki ni myeupe.

Nimekwenda duka la dawa nikijifanya nina kikohozi. Mfamasia ni mwanamke mpole, jambo linaloongeza hatari. Nikakohoa kidogo, nikauliza juujuu farasi huendaje. Akanichorea. Anakwenda mbele kisha anakata kona, kama mgeni asiyejua nyumba. Nikauliza kama kula ni lazima. Akasema hapana, kula ni hiari. Nilicheka mpaka kikohozi kikawa cha kweli. Kwetu kwenye drafti kula ni lazima, na asiyekula, kete yake inaondolewa ubaoni. Ndiyo maana tuna nidhamu. Mchezo gani huu wa kuacha chakula mezani?

Akanieleza kwamba Jumamosi kuna mashindano madogo kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka lake, kila mtu michezo miwili. Ameniandikisha. Pia ameniuzia dawa ya kikohozi. Chungu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejitolea kukarabati viti vya ukumbi. Bure. Mke wangu aliposikia neno bure likitoka kinywani mwangu, alinishika paji la uso kupima joto.

Kuna sababu. Kiti cha Mfamasia nimekijaza sponji laini kuliko zote nilizonazo. Akikaa atazama, kidevu kitalingana na meza, ataona safu ya mbele tu. Changu nimekiinua inchi nne. Nimekikalia kwa majaribio. Nimejisikia rubani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejizoeza peke yangu. Nimeshinda. Upande ulioshindwa nao ulikuwa wangu, lakini ulipigana kiume.

Jumamosi, 9 Machi
Mashindano.

Mfamasia alizama kitini, akashusha pumzi, akasema tangu ahamie hapa hajakaa mahali pazuri hivi. Akavua viatu. Mtu aliyestarehe hana haraka. Mimi huko juu miguu ilining'inia, na ubao ulikuwa mbali. Kila nikitaka kusogeza kitu ilibidi niiname kama nachungulia kisima.

Akaniwekea askari. Nikamla. Akaniwekea farasi. Nikamla. Akaniwekea ngome nzima. Nilishangaa mtu aliyesoma kuwa mzembe kiasi hicho. Kisha malkia wake akapata nafasi ya kumla askari wangu, akaiacha. Sheria ni sheria. Nikamwondoa malkia ubaoni.

Fundi Saa aliinuka kutoka meza yake, akamrudisha malkia mahali pake, akaomba radhi kwa niaba ya familia.

Hatua mbili baadaye Mfamasia akasema mfalme wangu hana pa kwenda. Nikamwonyesha vitu vyake vyote nilivyovikusanya upande wangu. Akavitazama kwa heshima, akasema ni vingi kweli, lakini mfalme bado hana pa kwenda.

Mchezo wa pili, Fundi Saa. Hapa nilitulia. Huyu namjua. Nikamwekea ngome mdomoni, na nyuma yake mtego ambao hata mimi ulinitisha. Akaitazama ngome. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogeza askari mwingine kabisa, upande wa pili wa ubao. Nikamwambia ale. Akasema ameiona. Nikamwambia tena ale, kwa sauti ya shemeji sasa, si ya mpinzani. Akatabasamu. Tabasamu lile sijapata kuliona kwa miaka yote tuliyocheza. Akanifunga taratibu, bila kelele, kama anafunga kibanda.

Nje, kwenye ngazi, alinipa chupa ya maji. Nikamwuliza huyu mama wa dawa ana nini ambacho mimi sina. Akaketi.

"Shemeji, miaka yote hiyo unaniwekea kete, naona kabisa ni mtego, na naumeza kwa sababu ni sheria. Huku nikiuona mtego naupita. Basi ni hilo tu. Wewe sina neno na wewe."

Akasema drafti yenyewe bado anaipenda. Tukikubaliana kwamba mtu anaweza kukataa kula, yuko tayari kurudi hata kesho. Kisha akaniuliza mgongo unaendeleaje, maana aliniona nikiinama.

Maji yenyewe yalikuwa machungu. Nadhani ni ile dawa.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala vibaya. Asubuhi kibanda kimefungwa na barabara ni pana kuliko kawaida.

Nimemweleza mke wangu. Amesema jambo lenyewe dogo: kaka yake aruhusiwe kukataa, arudi, na yeye apike kwa amani. Nimetafakari mpaka saa sita mchana na nimeona ana haki. Mimi si mtu wa kisirani. Aliyejitengeneza mwenyewe anaweza pia kujirekebisha. Nimeandika kwenye kipande cha boksi, nimekipitisha chini ya mlango wa nyumba yake. Nanakili hapa ili baadaye pasiwe na ubishi:

"Shemeji. Nimelikubali sharti lako lote, bila kupunguza. Kuanzia leo mchezaji ana uhuru kamili wa kukataa kula. Kete iliyokataa itaondolewa ubaoni, isije ikasumbuliwa tena na uamuzi wake. Hiyo si adhabu, ni utaratibu. Utaona kwamba nimekwenda mbali kuliko ulivyoomba. Sasa nijibu moja kwa moja. Sitaki nitafikiria, sitaki tutaona, na usimtume dada yako. Unakuja au huji? Neno moja, kabla ya saa moja jioni ya leo. Kete nimeshazipanga, na nimeanza mimi."