Leo Nimezima Kiwanda cha Korosho

Leo nimeadhirika, wenzangu. Tena nimeadhirika nikiwa na shati la kupigwa pasi!

Mwajua kiwanda chetu hapa Kilifi kimeletewa kompyuta. (Mwajua kwa sababu sina hadithi nyingine tangu ifike.) Imeungwa kwa waya na kidude kilichobandikwa kwenye fremu ya mashine ya kubangua korosho. Kidude husikiliza mtetemo, na kompyuta hujifunza tabia ya mashine ikiwa nzima. Siku beringi (ile pete ya chuma yenye gololi) ikianza kuchoka, inatoa onyo kabla haijavunjika. Mwalimu wake ni mimi, fundi wa kupaka mashine girisi. Niliifundisha siku za Jumapili, kiwanda kitupu, mashine yazunguka peke yake. Ikafuzu!

Sasa leo meneja alikuwa aamue: ama nikabidhiwe chumba cha kompyuta, chenye feni na kiti cha kuzunguka, ama nirudi kwenye makopo ya girisi. Wasiwasi sikuwa nao hata chembe. Mke wangu nilishamwambia anishonee mto wa kile kiti.

Tumesimama na meneja mbele ya kompyuta, mara ikaanza kulia. Pii! Pii! Pii!

"Nini hiyo?" akauliza meneja.

"Beringi, bwana," nikamjibu kwa raha zangu. (Moyoni nasema alhamdulillahi, imechagua siku nzuri ya kuharibika.) "Yakaribia kupasuka. Tuzime kiwanda!"

"Una hakika? Nikizima, shehena yote inachelewa."

"Bwana, hii haikosei. Nimeifundisha mwenyewe."

Kiwanda kikazimwa. Nikakunja mikono ya shati, nikaifungua mashine, nikaitoa beringi. Nikaizungusha kwa kidole. Lo! Yazunguka laini, yang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Mbona nzima?" akauliza meneja.

"Kwa macho ni nzima, bwana. Kompyuta inaona ndani." (Ulimi wangu huu!)

Pii! Pii! Pii!

Meneja akaitazama kompyuta. Akaitazama mashine, imebaki fremu tu, vingine sakafuni vipande vipande. Akanitazama mimi.

"Fundi, mashine imezimwa. Beringi unayo mkononi. Kinachotetemeka ni nini?"

Nikainama kutega sikio. Na kwa vile kelele za mashine hazikuwapo, ndipo tukasikia. Du! Du! Du! Ni kina mama wanaochambua korosho, pale kwenye jukwaa la mbao. Mwenzao Kadzo anaolewa Jumamosi, na walikuwa wameanza kumwimbia huku wakipiga miguu chini. Nilipozima kiwanda ndio wakaona wamepewa nafasi, wakasimama wote wakacheza sawasawa. Na jukwaa lenyewe limefungwa kwa bolti kwenye fremu ya mashine! Jumapili kina mama huwa makwao. Kompyuta yangu haikuwahi kukutana na harusi.

Tukawaendea. Mbele yao alikuwa mama yake Kadzo, jasho lamtiririka.

"Shikamoo, mama. Hebu simameni kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Miguu ikatulia. Kompyuta ikanyamaza. Mama akanyanyua mguu mmoja, akaupiga chini. Pii!

"Kumbe mbovu ni mimi?" akasema.

Kina mama wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye magunia. Mimi natamani ardhi inimeze, nayo imejaa maganda ya korosho.

Meneja hakucheka. Nikaona makopo ya girisi yananiita, nikajikaza.

"Bwana, lakini umeona masikio yake? Mguu mmoja tu imeusikia!"

Akageuka kuitazama kompyuta. Kisha akasema, "Chumba chukua. Lakini uifundishe upya, kiwanda kikifanya kazi na ngoma ikichezwa."

"Hilo dogo, bwana. Kina mama hawa hapa."

"Kina mama wana korosho za kuchambua, umeshawachelewesha. Wataimba wameketi. Atakayecheza ni wewe."

Basi kazi nimeipata. Kesho asubuhi niko juu ya jukwaa peke yangu, napiga miguu mbele ya mama zangu. Atakayekuja kuchungulia, tusijuane.